Maswali ya Wasomaji: Tamasha Lililorudi na Wingi wa Filamu Zake

SWALI: Assalaam aleikum, Bwana Mjibu. Mimi ni mama wa watoto watano, nakaa Wete. Mwanangu wa tatu yuko London tokea alipokwenda kusoma, na kila mwezi wa Machi hujitolea kupokea watu mlangoni katika tamasha la filamu linaloitwa BFI Flare, ambalo nimeelewa kuwa ni la watu wa mapenzi ya jinsia moja. Safari hii aliniambia kwa furaha kuwa tamasha limerudi tena, akanitumia picha za kijitabu cha ratiba. Nilizikuza kwenye simu nikakuta filamu ya vikongwe, ya watoto wa skuli, ya katuni, ya kutisha, na nyingine ya zamani isiyo na rangi. Nilistaajabu, kwani nilivyodhani mimi filamu zao zote ni za jambo moja tu. Mwanangu simuulizi, maana nikiuliza tutafika mahali ambapo sote wawili hatujawa tayari kufika. Naomba nielezwe hilo ni tamasha la nini hasa, na kwa nini filamu ziwe za namna nyingi vile.
Mama, Wete

JIBU: Wa aleikum salaam, Mama. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilikaa sana pale uliposema kuwa humuulizi mwanao. Nitaanza na tamasha lenyewe, halafu nitafika hapo.

Lilianza mwaka 1986, likiwa msimu mfupi tu wa filamu katika ukumbi wa National Film Theatre, ukingoni mwa mto Thames. Mwaka 1988 likapewa jina lililowataja watu hao waziwazi, na hilo la BFI Flare limekuja mwaka 2014, BFI ikiwa ni Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Zama zile za mwanzo hazikuwa nyepesi hata huko. Ukimwi ulikuwa ukiua vijana, na mwaka huo huo wa 1988 Bunge la Uingereza lilipitisha Kifungu cha 28, kilichozikataza halmashauri za miji kuhimiza mapenzi ya jinsia moja, kifungu ambacho Scotland ilikifuta mwaka 2000, England na Wales mwaka 2003. Nakutajia haya kwa sababu huku kwetu huzungumzwa kana kwamba Wazungu walizaliwa wamekwisha kulikubali jambo hili, na sivyo kabisa.

Tamasha hurudi kila mwaka, lakini neno hilo la kurudi lina uzito wake kwa wanaolihudumia. Mwezi wa Machi mwaka 2020, zikiwa zimebaki siku chache tu lifunguliwe, lilifutwa kwa sababu ya korona. Mwaka 2021 lilifanyika lote mtandaoni, kila mtu akitazama peke yake chumbani, na mwaka 2022 ndipo watu waliporudi kukaa bega kwa bega ukumbini. Aliyepitia hayo hawezi kulichukulia onesho la ukumbini kuwa ni jambo la kawaida.

Sasa nije kwenye ule wingi uliokustaajabisha. Wachaguzi wa filamu huanza kazi miezi mingi kabla, wakitazama filamu kutoka nchi nyingi, na zile fupi huzipanga kadhaa pamoja katika onesho moja ili tiketi moja imfikishe mtazamaji kwenye nyumba sita au saba za watu mbalimbali. Tokea mwaka 2014 ratiba yao imegawanywa mafungu matatu, nayo ni Mioyo, Miili na Fikra. La kwanza ni la mapenzi na urafiki, la pili ni la mwili na utambulisho, na la tatu ni la sanaa, siasa na jamii. Kwa hiyo vikongwe uliowaona, pamoja na wale watoto wa skuli, hawakuingia kwa bahati.

Sababu yenyewe naamini sisi Wazanzibari tunaweza kuifahamu kuliko wengi. Mara ngapi tumeona filamu za wageni zilizopigwa hapa kwetu, tukakuta ni ufukwe, mlango wa njumu, jahazi lenye tanga jeupe, na mtu wetu mmoja anayepita nyuma amebeba kikapu bila kusema neno? Hakuna uongo katika picha hizo, kwani ufukwe upo na milango ipo. Kinachotuuma ni kuwa hatumo. Hamna mwalimu anayesubiri daladala ya Fuoni, hamna mabishano ya baraza ya kahawa, hamna mgonjwa wala arusi wala deni. Watu wa mapenzi ya jinsia moja nao walioneshwa hivyo kwa miaka mingi, ama kichekesho, ama mwovu, ama maiti kabla ya filamu kwisha. Filamu moja nzuri haiwezi kuyaondoa hayo, kwa sababu itabebeshwa mzigo wa kuwasemea watu wote, na ikikosea kidogo watahukumiwa wote. Zikiwa filamu nyingi, mzigo hugawanyika. Moja hupata ruhusa ya kuwa ya kuchekesha tu, nyingine ya kutisha tu, na ile ya wazee ikapata nafasi ya kuonesha mikono ya wazee wawili wakimenya viazi jikoni bila mtu kuulizwa kitu.

Shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akinisimulia maonesho ya zanana, yale ya wanawake peke yao katika majumba ya sinema ya Unguja. Filamu yenyewe, ya Kihindi aghalabu, ilikuwa ni ile ile waliyoitazama wanaume jana yake, ila ukumbi ulikuwa mwengine. Mlango ukishafungwa, alisema, mabuibui yalishushwa mabegani, harufu ya asumini ikapanda, na wanawake wakalia kwa sauti na kumjibu mwigizaji kana kwamba yuko ukumbini. Alikuwa akinionesha kwa mkono jinsi alivyolishusha lake, taratibu, kwa vidole viwili. Nilipoanza kusoma habari za matamasha haya nilimkumbuka yeye. Sehemu kubwa ya kinachowaleta watu ni huko kuwa gizani pamoja na wenzao, wakicheka mahali ambapo kwengine wangejizuia.

Kuhusu mwanao, Mama, kupokea watu mlangoni hakukuambii lolote kuhusu nafsi yake, na wala mimi sitakuambia. Ninachokiona ni kuwa amekutumia ratiba. Angeweza asikutumie. Swali dogo la filamu halilazimishi swali kubwa. Muulize ile ya vikongwe inahusu nini na mwisho wao unakuwaje, kisha msikilize anavyosimulia.

SWALI: Ndugu Mjibu, mimi ni mwanafunzi wa utengenezaji wa filamu, Mjini Unguja. Wenzangu wanasema matamasha ya aina hii ni ya Ulaya na Marekani peke yake na kwamba Mwafrika hana filamu ya kupeleka huko. Je, ni kweli? Na je, filamu kama hizo zinaweza kuoneshwa hapa Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, tamasha letu la filamu la Zanzibar?
Mwanafunzi, Mjini

JIBU: Si kweli, na historia yenyewe si fupi. Afrika Kusini ilianza tamasha lake, Out In Africa, mwaka 1994, mwaka ule ule watu wote walipopiga kura kwa mara ya kwanza. Nairobi ilianza lake mwaka 2011, katika ukumbi wa Goethe-Institut, kituo cha utamaduni cha Wajerumani. Kampala ilianza mwaka 2016, na mwezi wa Disemba mwaka 2017 polisi waliingia na kulivunja la pili.

Kuhusu filamu, waambie wenzako kuwa mwaka 1997 Mohamed Camara wa Guinea alitoa Dakan, hadithi ya vijana wawili wa kiume wanaopendana, nayo ikaoneshwa Cannes, tamasha kubwa la filamu la Ufaransa. Jina hilo kwa lugha ya kwao maana yake ni majaliwa. Mwaka 2014 kikundi cha wasanii wa Nairobi kilitoa Stories of Our Lives, filamu isiyo na rangi iliyokusanya hadithi fupi tano zilizotokana na masimulizi ya Wakenya wenyewe. Walipoipeleka kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, wengi wa walioitengeneza hawakuweka majina yao. Ilipigwa marufuku Kenya, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya majaji wa Teddy, tuzo za filamu za mapenzi ya jinsia moja katika tamasha la Berlin. Wewe unayesoma kazi hii unajua maana ya mtengenezaji kuacha jina lake lisionekane katika filamu yake ya kwanza kubwa. Huwa naliwazia hilo kila ninapoona majina yakipanda mwishoni mwa filamu yoyote.

Na iko Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2018, ya wasichana wawili wa Nairobi ambao baba zao wanashindana katika uchaguzi. Imetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika, mwaka 2007. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, lakini nyumbani Bodi ya Filamu iliipiga marufuku mwezi wa Aprili. Mwezi wa Septemba Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo kwa siku saba tu, kwa watu wazima, na siku hizo kumbi za Nairobi zilijaa. Mwaka 2019 mwigizaji wake Samantha Mugatsia alitunzwa kuwa mwigizaji bora wa kike huko FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, Burkina Faso. Ukiitazama kama mwanafunzi, angalia rangi. Mavazi, nywele na kuta zimechaguliwa ziwe za waridi na za zambarau, na muongozaji ameyakataa makusudi yale mazoea ya kuipaka Afrika rangi ya vumbi.

Swali lako la pili nitalijibu bila kuzunguka. Filamu yoyote ya kuoneshwa hadharani Zanzibar hupita mikononi mwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Sheria yetu ya jinai, ambayo mizizi yake ni ya zama za ukoloni wa Mwingereza, inakataza mapenzi ya jinsia moja, na mwaka 2004 ilirekebishwa ikawataja wanawake pia. Katika hali hiyo siwezi kumshauri kijana akodi ukumbi na kutundika kitambaa cheupe, kwa sababu atakayefikwa na matatizo ni yeye na waliokaa kwenye viti, mimi nikiwa nimekaa mezani kwangu naandika. Nasikitika kukujibu hivi. Tamasha letu, tokea lilipoanza mwaka 1998 kwa jina la nchi za jahazi, limetufundisha kutazama maisha ya watu wa pwani nyingine bila kuogopa, na ningependa siku moja mafunzo hayo yawafikie na hawa wa mapenzi ya jinsia moja.

Kumbuka tu kuwa mambo hubadilika hata hapa, japo polepole. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa mjini kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwa mwimbaji Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa akiitwa Farrokh Bulsara, ilifutwa baada ya jumuiya ya kidini kuipinga kwa sababu ya maisha yake ya mapenzi. Tokea mwaka 2019 ipo makumbusho yake Shangani, na ukipita asubuhi utawakuta watu mlangoni wanasubiri kufunguliwa.

SWALI: Mimi ni mfasiri, nakaa Chake Chake. Nimepewa filamu fupi inayotarajiwa kupelekwa kwenye tamasha la namna hii, niiandikie maandishi ya Kiswahili ya chini ya picha. Nimekwama kwenye neno la kuwaitia wahusika. Maneno niyajuayo mengi ni matusi. Unashauri nini?
Mfasiri, Chake Chake

JIBU: Nafasi uliyonayo ni ndogo, mistari miwili yenye herufi arubaini hivi kila mmoja, kwa hiyo "watu wenye mapenzi ya jinsia moja" utaumaliza mstari mzima. Pale msimulizi anapozungumza kwa utulivu, au daktari, au mwandishi wa habari, utumie huo mstari, kwani una heshima na kila mtu anaufahamu. Pale mhusika anapotukanwa, liandike tusi lile lile. Ukililainisha mtazamaji hatajua kwa nini uso wa mwigizaji umebadilika.

Mtihani mkubwa ni neno shoga. Kwetu, mwanamke humwita hivyo mwanamke mwenzake anayempenda kwa urafiki, na bibi zetu hawakuwa na neno tamu kuliko hilo: "Shoga yangu, mbona umenisusa?" Bara neno hilo limehamia kwa wanaume na likawa la kejeli, na vijana wa mjini sasa wanalisikia kwa masikio mawili. Ikiwa filamu yako inatokea visiwani na wanawake wawili wanaitana hivyo, liache. Mtazamaji wa Dar es Salaam atashtuka kwa sekunde moja, kisha atawaona wamekaa kwenye mkeka wanachambua mchele, na ataelewa. Wanuri Kahiu ameeleza kuwa aliiita filamu yake Rafiki kwa sababu wapenzi wa jinsia moja wengi nchini Kenya, wanapomtambulisha mpenzi wao mbele ya watu, husema tu kuwa huyu ni rafiki yangu. Ukikutana na mahali kama hapo katika filamu yako, andika "rafiki" na usiongeze kitu, hata kama lugha ya asili imesema zaidi. Kwa pahali panapohitaji jina la jumla la tamasha lenyewe, liache jina lao kama lilivyo, halafu mara ya kwanza tu liunganishe na "tamasha la filamu za mapenzi ya jinsia moja". Ukishamaliza, mpe mtu asiyeijua lugha ya asili aisome filamu nzima ukiwa umekaa pembeni yake, umwangalie yeye badala ya kioo.