Mwanahisa, usidai "vitabu vyote"

Niliweka akiba yangu kwenye kampuni ndogo ya kusambaza vyakula pale Kariakoo. Tulikuwa wanahisa watano. Hisa zilikuwa 1,000, zangu 200. Miaka miwili ikapita bila gawio, na kila nikiuliza naambiwa, "Tulia kaka, biashara bado changa." Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikaenda ofisini kudai vitabu vyote. Nikakataliwa, na kwa sheria walikuwa sahihi. Hilo liliniuma kuliko pesa.

Sheria ya Kampuni, Sura ya 212, haimpi mwanahisa kila karatasi. Vitabu vya hesabu vya kila siku na mihtasari ya bodi ni vya wakurugenzi. Utaviona wakikuruhusu wao, au mkutano mkuu, au katiba ya kampuni ikikupa nafasi hiyo. Lakini rejista ya wanahisa na mihtasari ya mikutano mikuu ni haki yako kuikagua saa za kazi bila kulipa hata senti, na unaweza kuomba nakala. Hesabu za mwaka zilizokaguliwa nazo unastahili kupelekewa kabla ya mkutano mkuu. Wengi wetu hatuzidai kwa sababu mkurugenzi ni rafiki au shemeji, tunaona aibu. Ndugu yangu, usione aibu.

Wakili mmoja wa Posta alinishauri nianzie BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, ambako mtu yeyote anaweza kulipia na kupata taarifa za kampuni iliyosajiliwa. Huko ndiko nilikoishiwa nguvu: hisa zangu 200 zilikuwa palepale, ila jumla ilishafika 1,600. Asilimia 20 yangu ilikuwa imeshuka hadi 12.5 na sikuwa nimeambiwa neno.

Ndipo nikaandika barua ya nusu ukurasa. Nilitaja nyaraka mbili tu: rejista ya wanahisa, na muhtasari wa mkutano mkuu ulioidhinisha hisa hizo mpya, maana katiba yetu ilitaka idhini hiyo. Nakala yangu nikahakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa. Usiondoke bila muhuri huo. Wakikunyima, ndio ushahidi wako mahakamani, na mahakama inaweza kuamuru uruhusiwe kuzikagua nyaraka hizo.

Rejista nilionyeshwa. Muhtasari haukuwepo.

Sheria inamruhusu mwenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji uliolipiwa wenye haki ya kura kudai mkutano mkuu wa dharura. Kwa asilimia 12.5 yangu, nikaudai wiki hiyohiyo.