Usinunue pampu ya mafuta kabla hujaweka geji ya presha

Mkuu hiyo laki na themanini usiitoe kwanza! Unasema Toyota IST yako inamisi ikiwa sailensa (inaunguruma hujakanyaga mafuta), kilimani inakosa nguvu, unauliza plagi gani, oili gani, na fundi kaweka sikio kwenye tenki kakwambia pampu imechoka ununue nyingine. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Mtwara mwaka jana na mpaka leo roho inaniuma.

Yangu ilianza natoka Lindi, nimeshapita Mingoyo, gari ikawa inashtukashtuka kama inataka kuzima, nikaibembeleza mpaka Mikindani. Fundi akachomeka mashine ya kusoma makosa ikatoa kodi P0171, maana yake mafuta hayatoshi kwa hewa inayoingia basi, haisemi kwa nini, inaweza kuwa hewa inavuja kwenye manifodi (bomba la kuingizia hewa), sensa ya hewa imechafuka, filta imeziba. Yeye akasema pampu. Nikanunua ya mtumba, siku mbili tatizo lile lile, akasema ya mtumba mbovu agiza Dar, nikaagiza ikaja na basi, ikafungwa, bado inamisi, akahamia kwenye noozo, zile za kupulizia mafuta. Pampu mbili, noozo nne, wiki tatu gari imekaa kwenye mchanga na msimu wa korosho ndo huo unapita, nalipa bodaboda kwenda Nanyamba kila siku. Na presha ya mafuta hakupima hata siku moja. Hata moja! Mtu anayekuuzia kifaa kwa kusikiliza mlio anabahatisha kwa hela yako, pampu ikilia ujue inazunguka tu, kama inasukuma mafuta ya kutosha sikio haliwezi kukwambia.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja wa Masasi mwenye geji yake. Injini ya 1NZ, kama ya IST, inatakiwa isome presha ya psi 44 mpaka 50, yangu 29, na hiyo ni pampu mpya. Pampu hakuigusa. Akafungua chini ya siti ya nyuma akaweka mita kwenye soketi ya pampu huku injini inaunguruma, volti 9 na kitu, wakati kwenye betri ni karibu 14. Waya wa ethi (ule wa kwenda kwenye bodi) umeliwa na kutu, chumvi ya bahari yetu si unaijua. Akakata akaunga upya, geji ikapanda 47 palepale. Waya mkuu, waya!

Sasa sikiliza. 1NZ haina nipeli ya kuchomeka geji, hakikisha fundi ana adapta ya kukaa kati ya paipu na reli ya noozo. Presha itolewe kwanza, chomoa soketi ya pampu, washa gari mpaka izime yenyewe, na mwenye sigara akae mbali. Baada ya kufunga geji rudisha soketi, washa, soma ikiwa sailensa, kanyaga mafuta uone kama inashuka, halafu zima usubiri dakika 5, inatakiwa ibaki 21 au zaidi, ikidondoka chini ya hapo kuna noozo inavuja au vali ya kwenye pampu haishiki. Ikiwa ndogo muda wote pima umeme kwanza, kisha filta, pampu mwisho kabisa. Na ikisoma sawa pampu haina kosa, mwambie akatafute kwenye hewa na koili za plagi.

Fundi akikwambia geji hana, usimwachie gari. Kuna wenye nayo, ulizia hata kwa wale wa Masasi, na ukipata namba iandike hapa kabla hujatoa hata shilingi.