Kaburi la Caecilia Metella: maswali yenu kuhusu Barabara ya Appia

Kwa nini Warumi walizika watu kando ya barabara?

Sheria za Mbao Kumi na Mbili, za karibu mwaka 450 KK, zilikataza kuzika au kuchoma maiti ndani ya mji wa Roma. Kwa hiyo makaburi yalianza nje ya malango, na wenye mali waliyataka pale msafiri asipoweza kukwepa kuyaona. Barabara ya Appia, itokayo Roma kuelekea kusini na iliyoanza kujengwa mwaka 312 KK, ilikuwa na wapita njia tele, na kaburi la Caecilia liko kando yake.

Huyu Caecilia alikuwa nani?

Swali hili ndilo linalonigusa zaidi. Maandishi kwenye marumaru yanasema tu: ya Caecilia Metella, binti Quintus Creticus, wa Crassus. Hata neno “mke” halimo. Msomaji alitarajiwa kulielewa mwenyewe. Baba yake alipata jina Creticus kwa kukiteka kisiwa cha Kreta. Crassus naye anadhaniwa kuwa mtoto wa yule tajiri Crassus, mshirika wa Julius Caesar. Mwanamke amejengewa mnara wa duara wenye upana wa karibu mita 30, halafu anatajwa kwa baba na mume, basi. Naona mnara huo ulisifu koo mbili kuliko ulivyomlilia yeye. Hata hivyo, baada ya miaka elfu mbili, jina linalotamkwa na kila anayepita ni lake.

Mbona mtaa unaitwa Capo di Bove, yaani Kichwa cha Ng’ombe?

Tazama juu ya ukuta wa mnara: kuna mchongo wa mafuvu ya ng’ombe na mashada ya maua, ishara za sadaka.

Na ule ukuta wenye meno kileleni?

Huo si wa Warumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1300, ukoo wa Caetani, wa Papa Boniface VIII, ulifanya kaburi kuwa mnara wa ngome yao. Ng’ambo ya barabara walijenga kanisa la San Nicola, ambalo leo halina paa.

Nikifika, nisikose kuona nini?

Uwanja wa mbio za magari ya farasi wa mfalme Maxentius uko jirani, pamoja na kaburi la mwanawe Romulus, aliyefariki mwaka 309. Ila kwanza shuka chini ya ngome. Utaona lava iliyotiririka kutoka vilima vya Alban na kugandia hapo. Kaburi limesimama juu yake, na mawe meusi unayoyakanyaga barabarani ni ya lava hiyohiyo.