Muulize Mama Mhubiri: "Mbona kila Jumapili sura mpya?"

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa ndugu zetu Wamethodisti wa pwani, kuanzia Jomvu, Mazeras, Ribe mpaka huko juu Kaloleni. Nimechagua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu najua si huyu binti peke yake anayejiuliza.

Shikamoo Mama. Nimelelewa Mkatoliki, nikaolewa mwaka jana kwenye nyumba ya Wamethodisti huku njia ya Kaloleni. Kanisa letu ni dogo, la mabati, hata viti hatuvijazi. Nilikotoka padri nilimjua na yeye alinijua. Huku kila Jumapili anasimama mtu mwingine: leo mwalimu wa hesabu, Jumapili ijayo mama anayeuza mitumba, halafu mzee mmoja ambaye hashuki kabla ya saa nzima kwisha. Mchungaji mwenyewe tunamwona mara moja kwa mwezi, na mwezi mwingine hatumwoni kabisa. Mama mkwe anasema ndivyo plani ilivyo. Je, sisi ni kanisa kamili au tunaletewa makombo ya kanisa kubwa?
*Bi Harusi*

Marahaba mwanangu. Mzee wa saa nzima usihangaike naye, kila sakiti ina wake.

Mchungaji wenu hakupewa kanisa moja. Alipewa sakiti, kundi zima la makanisa, makubwa na madogo, ya barabarani na ya ndani kabisa kwenye minazi. Jumapili ni moja na saa nne asubuhi ni moja, naye hawezi kujigawa. Ndiyo sababu ya plani. Ni karatasi ya robo mwaka: makanisa yamepangwa upande mmoja, Jumapili zimepangwa juu, na kila kisanduku kina jina la mhubiri. Yangu naibandika jikoni kando ya kalenda ya duka la mbolea. Penye meza ya Bwana huwekwa alama, maana kwa desturi yetu mkate na kikombe huongozwa na mchungaji aliyewekewa mikono. Mahubiri ni jambo jingine. Hayo hufanywa na aliyeitwa, akapimwa, akakubaliwa.

Na kupimwa kupo, usidhani yule mama wa mitumba aliamka tu akavaa kitenge akapanda mimbarini. Aliwekwa kwenye majaribio, akasoma, akatahiniwa, akahubiri huku wenzake wameketi nyuma na kalamu mkononi. Siku yangu ya kupimwa, mzee aliyenisikiliza aliandika tangu salamu mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Alipofunga daftari, na mimi nikafunga Biblia, nikasema na tuombe.

Hata John Wesley, aliyeanzisha Umethodisti, jambo hili mwanzoni lilimkera. Yeye alikuwa kasisi wa Kianglikana, mtu wa utaratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1740, akiwa safarini, akapata habari kwamba huko London kijana Thomas Maxfield, ambaye hakuwa kasisi, amesimama anahubiri. Akarudi mbio kwenda kumkomesha. Aliyemzuia ni mama yake mzazi, Susanna. Alimwambia aangalie sana anachotaka kumtendea kijana yule, amsikilize kwanza. Wesley akaenda, akasikiliza, akamwacha aendelee. Kwa hiyo mama mkwe wako anapotetea plani ana mwenzake wa kumwegemea.

Huku kwetu nako hatukuwahi kuwa na wachungaji wa kutosha. Thomas Wakefield, mmisionari wa Kimethodisti kutoka Uingereza, alifika Ribe mwaka 1862, akiongozwa na Ludwig Krapf, yule yule mmisionari wa Rabai. Wenzao wa kwanza hawakudumu, na Krapf naye afya ilimshinda akarudi Ulaya. Mwaka uliofuata akaja Charles New, mpenda safari, ambaye mwaka 1871 alipanda Kilimanjaro mpaka kwenye theluji. Alifariki 1875 akiwa safarini. Mke wa Wakefield, Rebecca, alifia pale Ribe mwaka 1873. Sasa niambie, kanisa lililoanza hivyo lingengoja mchungaji mwenye kola kila Jumapili lingefika wapi? Lilishikwa na wenyeji, na watu waliotoroka utumwa wakapata hifadhi kwenye vituo vile vya Ribe na Jomvu. Kufikia mwaka 1967, kanisa la Kenya lilipoacha kuendeshwa na Waingereza, watu wa kawaida walikuwa wameshazoea kuongoza ibada kwa zaidi ya kizazi.

Kwa hiyo makombo siyo. Lakini sitakudanganya kwamba plani haina kasoro zake. Yuko mhubiri anayezima simu Jumamosi jioni. Iko mvua ya Mei, ambapo bodaboda inakataa ule mlima mwekundu, unashuka, unavua viatu, unapanda kwa miguu na Biblia imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mara nyingi nikifika hivyo nakuta wameshaanza. Msimamizi ameshasoma somo, akina mama wako kwenye wimbo wa tatu, na mtoto mmoja ananiletea maji ya kunawa miguu kama kwamba kuchelewa kwangu kuliandikwa kwenye plani. Kanisa la namna hiyo nalipenda kuliko lile linaloketi kimya likitazama mlango. Ikitokea mhubiri hakufika, usirudi nyumbani. Soma wewe somo. Sauti unayo, hata barua yako ina sauti.

Malalamiko yako ya kwamba hakuna anayekujua, hayo nayachukua kwa uzito. Mhubiri wa wiki hawezi kujua kwamba mtoto wako ameshinda na homa, na mchungaji wa mara moja kwa mwezi atajua akiwa ameshapona. Wa kujua ni kiongozi wa darasa lako, yaani kile kikundi kidogo cha waumini ambacho kila mmoja wetu huwekwa. Muulize mama mkwe uko darasa la nani. Akikosa jibu, mwende pamoja kwa wasimamizi Jumapili hii baada ya ibada, msingoje mkutano wa robo.

Mama Mhubiri, umetaja sana madarasa kwenye toleo lililopita kana kwamba ni kitu kitamu. Kwetu kiongozi wa darasa ananipigia simu mara moja tu kwa mwezi, kuuliza ahadi ya mchango. Nimeachishwa kazi bandarini tangu mwaka jana. Jumamosi huweka orodha kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu na alichotuma kwa M-Pesa, na mbele ya jina langu kuna kistari. Darasa ni la kiroho au la madeni?
*Mwenye Kistari, Jomvu*

Pole sana baba. Utashangaa, lakini darasa lilianza kwa deni kweli. Mwaka 1742, kule Bristol, Wamethodisti walikuwa wakidaiwa pesa za jengo lao. Wakakaa kufikiri walipeje. Nahodha mmoja aliyeitwa Foy akashauri kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Mwingine akasema, wengi wetu ni maskini, hawanayo. Foy akajibu: basi nipeni mimi kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, nitawapitia kila wiki, na asiyeweza nitamtolea. Wengine nao wakakubali kufanya vivyo hivyo. Walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakakuta mambo ambayo kwenye ibada hayaonekani: huyu amerudia ulevi, yule hasemezani na mkewe. Wesley akatambua kwamba hicho ndicho alichokuwa akikitafuta siku zote, mtu wa kuwajua watu mmoja mmoja. Peni ikabaki, lakini kazi ya kiongozi ikawa ni roho za watu.

Angalia basi alichofanya Foy. Alichagua maskini makusudi, na pengo akaliziba kwa mfuko wake. Orodha ya vistari haitoki kwake. Mimi ningekuwa msimamizi, orodha hiyo ingefutwa usiku uleule, na anayetaka hesabu akaione kwa mtunza hazina kwenye daftari.

Usijibizane naye kwenye kundi. Mwalike nyumbani, mwambie ana kwa ana kwamba kazi huna, chai ya rangi inatosha. Wengi wa viongozi hawa hawana ubaya. Walipewa kiwango cha kufikisha na wao wanaogopa kusimamishwa mbele ya mkutano. Akiendelea baada ya hapo, nenda kwa mchungaji wa sakiti na simu yako, umwonyeshe. Na uhudhurie darasa. Wewe ndiye yule ambaye Foy aliomba apewe.

Mama, mimi ni kijana wa kwaya. Januari tunafanya Ibada ya Agano, ya kurudia agano letu na Mungu, na maneno yake yananitisha. Unakubali kuwekwa kazini au kuwekwa kando, kujazwa au kuachwa mtupu. Je, nikinyamaza sehemu hiyo ni dhambi?
*Sauti ya Tatu, Mazeras*

Si dhambi. Afadhali anayenyamaza kwa kuelewa kuliko anayetamka huku akiangalia saa. Wesley aliongoza ibada ya namna hii London mwaka 1755, na ilikuwa Agosti. Siku hizi tumeiweka Jumapili ya kwanza ya mwaka, wakati kila mtu ana deni la Krismasi na karo inamsubiri, kwa hiyo hilo la kuachwa mtupu lina watu wengi wa kulisema kwa ukweli. Chukua karatasi ya maneno hayo wiki moja kabla, uyasome peke yako usiku. Ukifika kwenye neno usiloliweza, liwekee alama kwa kalamu, uje nalo kwa kiongozi wa darasa. Mwaka ujao litasomwa tena.

Kwenye Sikukuu ya Mavuno, makanisa yote ya sakiti yakiwa pamoja, nilinunua jogoo kwenye mnada kwa shilingi 1,500. Mwendesha mnada akapaza sauti: "Mrudishie Bwana!" Watu wakapiga vigelegele, nikaona haya, nikamrudisha. Akauzwa tena kwa 1,200, akarudishwa, halafu mtu wa tatu akampata kwa 700 akaenda naye. Mke wangu anauliza jogoo yuko wapi. Nimwambie nini?
*Mnunuzi, Ribe*

Mwambie ukweli, na umwonyeshe ujumbe wa M-Pesa ili ajue 1,500 zilikwenda kanisani na si kwingine. Kurudisha ni hiari, hata mwendesha mnada akilia machozi. Jogoo ni wa yule wa 700, kisheria na kikanisa, na kwa jinsi ninavyowajua watu wa Ribe ameshapikwa kwa nazi. Mwaka ujao nunua muhogo. Gunia la muhogo hakuna anayekuomba ulirudishe, maana hakuna anayetaka kulibeba mara ya pili.