Pleya ya muziki kwenye pikipiki: usukani si mahali pake

Mkuu, umeuliza pleya uifunge wapi na umeme wa kuichaji uutoe wapi. Yote mawili niliyakosea kabla ya kuyapatia.

Pleya yangu ya kwanza ilikuwa ya diski, si ya CD, zile za zamani zenye diski ngumu (hard disk), yaani kisahani kinachozunguka ndani. Niliibana kwenye usukani kwa kishikio cha chuma, haisogei hata kidogo, nikajiona fundi. Kumbe kishikio kikikaza hivyo, mtetemo wote wa injini unapanda hadi kwenye pleya, na kile kichwa kinachosoma diski huelea juu ya kisahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Muziki ukaanza kukwama, ikafuata tik, tik, tik, kisha kimya. Pleya za flashi, zinazotunza nyimbo kwenye chipu, hazina kinachozunguka, hizo zinavumilia, ingawa tundu la chaji hulegea plagi ikitikiswa kutwa. Na usidhani simu imepona: mwaka 2021 Apple walitahadharisha kwamba mitetemo ya injini kubwa za pikipiki inaweza kuharibu kamera ya iPhone.

Ya pili, ya flashi, nimeiviringishia sponji nikaiweka kwenye mkoba wa juu ya tangi. Mpaka leo inapiga. Usukani nimeuachia rimoti ndogo tu ya kubadilisha wimbo.

Umeme sasa. Betri ni volti 12, injini ikiwaka inapanda hadi 14 hivi, pleya inataka 5, kwa hiyo lazima kibadilishi chenye tundu la USB. Mimi nilikiunga moja kwa moja kwenye betri. Kinanyonya kidogo kidogo hata pikipiki imezimwa. Ikakaa wiki tatu bila kuguswa, siku ya safari nikaisukuma mpaka jasho likanitoka. Chukua umeme kwenye waya unaopata umeme funguo ya pikipiki ikifunguliwa tu, na fyuzi ndogo uiweke karibu na hapo ulipouchukua. Halafu geuza usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Waya ukivutika, urefushe. Wangu ulikatikia ndani ya ganda, nje mzima kabisa, nikautafuta siku mbili.

Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka na kasi ya injini, usizilaumu spika. Chomoa chaji kwanza. Mluzi ukinyamaza, basi pleya na amplifaya ya spika zinakutana kwenye hasi ya betri moja, na kitransfoma cha kutenganisha laini ya sauti kitaumaliza.

Spika za kufunga usukanini zisahau, mwendo ukikolea upepo unazimeza. Weka zile bapa ndani ya helmeti, sauti iwe ya chini. Earphone za kuziba masikio niliziacha siku lori liliponipita ubavuni bila kusikia honi yake, na kuna nchi sheria inazikataza.

Hujasema jambo moja: pleya yako ni ya diski au ya flashi?