Chuo Kimeshusha Ada: Tukimbilie au Tukimbie?

Barua za wiki hii zinahusu vyuo binafsi vya Marekani vinavyopunguza ada. Tatu ni za wazazi wanaoishi huko, moja imetoka Arusha.

Binti yangu amepata nafasi chuo kilichoshusha ada karibu nusu. Shemeji anasema kizuri hakishushwi bei. Je, chuo kinakufa? (Mama, Minneapolis)

Mama, ile ada ya zamani karibu hakuna aliyekuwa akiilipa yote. Vyuo hivi vimezoea kutangaza ada kubwa, kisha vinampunguzia karibu kila anayeingia na kuliita punguzo hilo udhamini. Kwa wastani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupunguziwa zaidi ya nusu. Mzazi akiona bei kubwa anaamini chuo kina heshima, na mtoto akipewa "udhamini" ukoo mzima unapigiwa simu. Baadhi ya vyuo vimegundua kuwa bei hiyo inawatisha watu hata kabla hawajaomba. St. John's, chenye kampasi Annapolis na Santa Fe, kilishuka kutoka zaidi ya dola 52,000 hadi 35,000 mwaka 2019. Colby-Sawyer cha New Hampshire kilitoka dola 46,364 hadi 17,500 mwaka 2023.

Hata hivyo, shemeji yako hajakosea kabisa. Rosemont, karibu na Philadelphia, kilipunguza ada mwaka 2016, na mwaka 2025 kikatangaza kuwa kitaungana na Villanova, jirani yake mkubwa. Kwa hiyo uliza idadi ya wanafunzi imekwendaje miaka 5 iliyopita, na ithibati ya chuo, yaani kutambuliwa kwake rasmi kuwa kina ubora, ikoje. Majibu hayo yatakueleza mengi kuliko bei.

Mwanangu yuko mwaka wa pili. Ada imeshuka, lakini na udhamini wake umekatwa. Tumeibiwa? (Baba, Dallas)

Huenda hamjaibiwa, ila mlistahili kuelezwa mapema kwa lugha nyepesi. Tuseme ada ilikuwa 44,000 na udhamini 26,000: mlilipa 18,000. Sasa ada ni 20,000 na udhamini 2,000. Mfukoni kinatoka kilekile.

Ziweke mezani barua mbili, ya mwaka jana na ya mwaka huu. Chukua kalamu nyekundu, kata kila mstari wa mkopo. Niliwahi kufanya hivyo jikoni kwa mama mmoja aliyedhani amebakiza kulipa dola 9,000. Mkopo wa mzazi ulikuwa umepangwa katikati ya misaada, kana kwamba nao ni zawadi. Tulipoufuta, deni likawa 21,000. Alikaa kimya muda mrefu, chai ikapoa. Ukikuta unalipa zaidi ya mwaka jana, iandikie ofisi ya misaada ya fedha na udai maelezo kwa maandishi.

Mume wangu anataka chuo chenye jina, hata kwa kukopa. Nimwambieje? (Mama, Columbus)

Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walilichunguza hili. Kwa vijana wenye uwezo na matamanio yanayofanana, jina la chuo halikubadili sana kipato chao cha baadaye. Lakini wanafunzi weusi, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana, walinufaika. Kwa hiyo kwa watoto wetu jina si kitu cha kudharau, na mumeo ana hoja.

Tena vyuo vyenye majina makubwa kabisa mara nyingi huwa nafuu kwa familia ya kipato cha kawaida. Tangu mwaka wa masomo 2025–26, Harvard haitozi ada familia yenye kipato cha dola 200,000 au chini. Jina likija na msaada, lipokeeni kwa mikono miwili. Likija na mkopo ulioandikwa kwa jina lenu wazazi, mimi nisingetia sahihi.

Mwanangu amekubaliwa chuo kilichoshusha ada. Niuze shamba? (Mzee, Arusha)

Shikamoo mzee wangu. Usiuze bado. Ada ni sehemu tu. Kuna bweni, chakula, bima ya afya, vitabu na nauli. Mgeni hapati misaada ya serikali ya Marekani, na kwa kawaida viza ya mwanafunzi inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kabla ya kutoa fomu ya I-20, ile ya kuombea viza, chuo kitadai uthibitisho wa fedha za mwaka mzima. Kiombeni kiwaandikie jumla hiyo sasa, kitu kwa kitu, pamoja na udhamini utakaodumu miaka yote 4. Mkishaipata, ndipo mkae kikao cha ukoo kuhusu shamba.