Tindo ya Moto: Angalia Chuma cha Chini Kabla ya Utando

Katika karakana nyingi za Unguja na Pemba, chuma kinachong'aa ndicho kinachopewa kazi ngumu. Fimbo ya shokomzoba iliyochoka, yenye utando wa kromu, inakatwa, inachongwa ncha, inageuzwa tindo ya kutobolea bawaba au kukatia misumari ya jahazi ikiwa bado nyekundu. Siku za mwanzo inapendeza. Halafu ncha inatutumka, utando unabanduka vipande vipande, na lawama zote anabebeshwa kromu. Kromu ana makosa yake, lakini mkosaji mkubwa kalala chini yake.

Chuma cha kufua hutoka makaani kikiwa na nyuzi 1000 hadi 1100 za Selsiasi. Tindo ikikaa ndani yake kwa mapigo machache tu, ncha hupita nyuzi 500 bila taabu. Sasa chukua springi ya lori, ambayo ndiyo malighafi yetu kubwa. Kiwandani ilipikwa, ikazimwa, kisha ikapashwa tena kwenye nyuzi 400 hadi 500 ili isivunjike ovyo. Ikipita joto hilo inalegea, na kila ikipita inalegea zaidi. Kromu ngumu iliyopakwa kwa umeme ina ugumu wa 850 hadi 1000 kwa kipimo cha Vickers ikiwa baridi, lakini kuanzia karibu nyuzi 400 nayo huanza kupoteza nguvu. Tena ina nyufa ndogo ndogo tangu siku iliyotoka kwenye beseni la kupakia. Utando mgumu juu ya chuma kilicholegea ni ganda la yai: nyundo ikigonga, cha chini kinabonyea, cha juu hakijui kubonyea, kinapasuka. Na ukitaka kufua upya fimbo yenye kromu, isage kwanza utando wote kwa grenda, umevaa barakoa, nje penye upepo. Usiitie makaani ikiwa nao.

Chuma kinachoweza kubeba kazi hii ni H13, ambacho wauzaji wengine hukiandika 1.2344. Kina kaboni karibu asilimia 0.4, kromiamu (ndiyo kromu yenyewe) 5, na kiasi kidogo cha molibdeni na vanadi. Hupashwa hadi nyuzi 1000 hadi 1040, huwa kigumu kwa kupoa hewani tu, kisha hupashwa tena mara mbili, saa mbili kila mara, kwenye nyuzi 560 hadi 600. Hapo kinabaki na ugumu wa karibu 50 kwa kipimo cha Rockwell C, na kinastahamili kazi ya moto kwa sababu joto la kazi halijafika lile kilichopashiwa. Makaa ya vifuu yanaweza kufika nyuzi 1000, shida ni kulishikilia joto hilo sawasawa bila kuunguza kaboni ya juu. Kama huna tanuri lenye kipimo, nunua fimbo ambayo tayari imepikwa. Usikubali kuuziwa D2 kwa maneno kwamba "ina kromu nyingi zaidi". Ni kweli inayo, asilimia 12, lakini ni chuma cha kazi baridi. Kwenye joto la kughafilisha na pigo la nyundo hupasuka.

Juu ya H13, tabaka tunalolipendelea kwa zana za kupigwa ni la naitrojeni. Naitrojeni husukumwa ndani ya ngozi ya chuma kwenye nyuzi 500 hadi 570 kwa saa nyingi, ikaingia kina cha milimita 0.1 hadi 0.3, na ugumu wa juu hupita 1000 Vickers. Uzuri wake ni kwamba hakuna mpaka mkali kati ya ngozi na mwili, kwa hiyo hakuna cha kubanduka. Sharti moja: chuma kiwe kimepashwa awali kwa joto la juu kuliko hilo la naitrojeni, la sivyo mwili utalegea humo humo tanurini. Na makali yasiwe membamba, maana ukingo wa milimita moja naitrojeni itaupenya pande zote mbili na utakatika. Kazi hii ni ya kiwanda, si ya mvukuto.

Utando wa rangi ya dhahabu kwenye keekee za dukani ni nitraidi ya titaniamu, una unene wa maikroni (elfu za milimita) 2 hadi 5 tu, mgumu sana, ila kuanzia nyuzi 500 hadi 600 huanza kuoza kwa hewa. Nitraidi ya kromiamu, ya kijivu, hufika karibu 700. Ile yenye aluminiamu, ya zambarau iliyokoza au nyeusi, hustahamili hadi 800 na zaidi, kwa sababu aluminiamu inayotoka juu hugeuka tabaka la oksidi linaloziba njia ya hewa. Kwa kalibu na kwa visu vya mashine ni tabaka nzuri. Kwa tindo inayonolewa kila wiki ni pesa za bure: mara ya kwanza kwenye jiwe la kusagia, utando wa makali umekwisha.

Kinachobaki, na ndicho kinachofanyika hapa hapa visiwani, ni kujazia makali kwa welding ya kobalti. Kijiti cha aina ya Stellite 6 kina kobalti kama mwili, kromiamu karibu asilimia 28, na tangsteni 4 hadi 5. Mafundi wengi hukikataa wakikijaribu kwa tupa, kwa sababu kikiwa baridi kina ugumu wa kama 40 tu wa Rockwell C, na wanakimbilia vijiti vya kabidi ya kromiamu vyenye 60. Hilo ni kosa. Vya 60 vimetengenezwa kwa mchanga na mawe, hupasuka nyufa za kukingama vikipoa, na chini ya nyundo hutoka mapande. Kobalti kwenye nyuzi 600 bado imeshika sehemu kubwa ya ugumu wake, na juu yake huota ngozi laini ya oksidi inayopunguza msuguano.

Anza kwa kukata ncha mbovu mpaka ufa uishe. Paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa vizuri, kisha nyunyiza chokaa kavu: penye ufa mafuta yatachora mstari. Chonga kitako cha kupokea welding chenye kina cha milimita 3 au 4, pembe zake zikiwa za mviringo. Pasha mwili mzima, si ncha pekee: springi nyuzi 250 hadi 300, H13 kama 350. Kalamu ya joto, ile inayoyeyuka kwenye joto lililoandikwa juu yake, ndiyo sahihi. Usipokuwa nayo, gusisha madini ya risasi yasiyochanganywa upande wa mbali na makali. Huyeyuka kwenye 327, kwa hiyo kwenye H13 iyeyuke, kwenye springi isiyeyuke. Ifute yote, maana risasi ikiingia kwenye welding italeta nyufa. Kijiti cha milimita 3.2 huchukua takriban ampea 90 hadi 120; soma pakiti kwa umeme unaotakiwa. Waya mrefu wa kuazimia umeme hupunguza nguvu, na welding itakaa juu bila kushika. Tembea kwa mstari ulionyooka, ncha ya kijiti karibu, bila kupepesa pembeni. Weka tabaka mbili. La kwanza huchanganyika na chuma cha mwili na kupoteza sifa, la pili ndilo la kazi. Baina ya mstari na mstari joto lisishuke chini ya lile la kuanzia.

Ukimaliza, zika zana ndani ya chokaa kavu au jivu kavu mpaka kesho yake. Chokaa ya kwetu hunywa unyevu upesi, khasa masika, kwa hiyo ikaange kwanza. Vijiti navyo vikikaa wazi hunyonya maji ya hewani, na hidrojeni inayotoka humo ndiyo inayopasua welding saa kadhaa baada ya wewe kuondoka. Vihifadhi kwenye mkebe uliofungwa, na vipashe kama pakiti inavyosema. Vumbi la kobalti si la kuvuta pumzi; barakoa tena.

Tabia nyengine ya kuacha ni kuchovya majini tindo ya H13 kila ikiiva. H13 yenye tabaka ngumu hupata wavu wa nyufa juu. Kuwa na tindo mbili au tatu, moja ikifanya kazi nyengine zinapoa hewani, na zianze siku zikiwa na nyuzi kama 150 hadi 200.

Kagua kwa mafuta na chokaa mara kwa mara. Ufa ulioishia ndani ya kobalti unasagwa na kujazwa. Ulioingia mwilini, kata mpaka uishe. Tindo ikibaki fupi kiasi cha kukaribisha mkono kwenye moto, itie mpini wa chuma au ishike kwa koleo.